Jinsi ya Kutunza Mifuko ya Upepo na Jeki za Kusawazisha Motahomu Kubwa

Motahomu kubwa ya dizeli, yaani gari lenye nyumba ya kuishi ndani yake, ile yenye injini nyuma na urefu wa futi 40 hadi 45, inaweza kupita uzito wa paundi 50,000, yaani zaidi ya tani 22, na uzito huo wote hauegemei springi za chuma bali upepo uliofungiwa ndani ya mifuko ya mpira. Mwenye gari la namna hii hukumbuka oili ya injini, hutunza betri na husafisha kioo cha mbele kwa mapenzi, lakini mifuko na vali zinazoizuia nyumba yake isilale upande huzikumbuka asubuhi ile anapotoka kitandani na kukuta mlango wa kabati umefunguka wenyewe kwa sababu gari limeinama usiku.

Mwongozo huu umekusudiwa msomaji wa Kiswahili aliye Marekani au Kanada, ambako magari haya yamezagaa, awe ni mwenye gari au fundi. Wengi wetu huku tunaendesha malori na tuna leseni ya CDL, yaani ya kuendesha magari makubwa ya biashara, kwa hiyo breki za upepo si ngeni kwetu. Huo ni mtaji mkubwa, kwa maana kompresa, kikausha upepo, matangi na vali za motahomu ni vilevile vya lori au ni ndugu zake wa karibu. Mfano nitakaoutumia ni gari lililojengwa juu ya chasisi ya Freightliner au Spartan, lenye mifuko ya upepo kwenye ekseli zote, vali tatu za urefu (yaani zinazodhibiti kimo cha fremu), na jeki nne za haidroliki za kusawazishia. Magari mengine, kama yale yanayojengwa juu ya mabasi ya Prevost, huweza kusawazishwa kwa upepo wa mifuko yenyewe bila jeki, na pale tofauti hiyo inapokuwa na maana nitaitaja.

Mifumo miwili isiyopaswa kuchanganywa

Mfumo wa kwanza ni wa safari. Kwenye fremu kumefungwa vali yenye mkono mfupi, na mkono huo umeunganishwa kwa fimbo nyembamba na ekseli. Uzito ukiongezeka, fremu hushuka, mkono huinuka, vali hufunguka na upepo huingia kwenye mfuko mpaka gari lirudi kwenye urefu wake. Uzito ukipungua, mambo huenda kinyume na upepo wa ziada hutolewa nje. Kanuni hii si mpya: General Motors iliitumia kwenye basi lake la masafa marefu la PD-4104 mwaka 1953, na fundi aliyelihudumia basi lile angeielewa motahomu ya leo bila kufundishwa sana.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ambalo lingewaokolea fedha nyingi, ni kwamba vali hizi ni tatu na si nne. Mara nyingi mbili zipo nyuma, kila moja na upande wake, na moja tu ipo mbele ikilisha mifuko ya pande zote mbili kwa pamoja. Sababu yake anaijua kila aliyewahi kuinjika chungu: mafiga matatu hutulia hata kama ardhi ina mabonde, lakini ukiongeza la nne, chungu kitacheza au figa moja litabaki halibebi kitu. Kwa kuwa mifuko ya mbele inashirikiana upepo, haiwezi kulizuia gari kuinama upande. Kazi hiyo ni ya vali mbili za nyuma peke yake.

Mfumo wa pili ni wa kuegesha. Hapa pampu ya haidroliki husukuma oili kwenye jeki, nazo huinua fremu mpaka sakafu iwe sawa. Kabla ya jeki kubeba, upepo wa mifuko hutolewa kwanza ili fremu ishuke na jeki zisihitaji kurefuka sana. Katika mifumo mingi ya kisasa, ikiwa ni pamoja na ile ya kampuni ya HWH ya mji wa Moscow, jimbo la Iowa, kompyuta ndogo huyafanya yote hayo yenyewe kwa kubonyezwa kitufe kimoja. Urahisi huo ndio unaowafanya watu wasahau kwamba chini ya sakafu kuna vitu viwili tofauti vyenye matunzo tofauti.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Naomba sehemu hii isirukwe. Upepo ukitoka kwenye mifuko, fremu hushuka inchi kadhaa kwa muda mfupi, na nafasi iliyokuwa inamtosha mtu aliyelala chali hubaki haimtoshi. Bomba la nailoni linaweza kuchomoka, fimbo ya vali inaweza kuguswa kwa bega bila kukusudia, na jeki ya haidroliki inaweza kupoteza oili kupitia sili moja iliyochakaa. Watu wamekufa kwa njia hii, na baadhi yao walikuwa mafundi wenye uzoefu.

Kwa hiyo, usiingie chini ya gari lililobebwa na upepo peke yake wala jeki za kusawazishia peke yake. Weka kabari mbele na nyuma ya matairi, kisha simamisha stendi za chuma zenye uwezo unaozidi uzito wa kona husika, ukiziweka chini ya sehemu za fremu zilizotajwa kwenye kitabu cha gari. Tofali na vipande vya mbao vilivyopangwa ovyo havifai, kwa sababu tofali hupasuka bila kutoa onyo. Gari likae kwenye sakafu ya zege au lami ngumu, na mtu wa pili awepo karibu, akijua kwamba hapaswi kugusa kitufe chochote ndani mpaka wewe mwenyewe utoke na umwambie.

Hatua ya kwanza: upepo ukaushwe

Ugonjwa wa mfumo huu huanzia mara nyingi kwenye maji. Kompresa huvuta hewa yenye unyevu, huibana na kuipasha moto, na hewa hiyo inapopoa ndani ya matangi hutoa maji. Maji huozesha matangi kwa ndani, hukwamisha vali, na katika majira ya baridi ya Minnesota au Alberta huganda kwenye mabomba kiasi kwamba gari linashindwa kuinuka hata injini iungurume saa nzima.

Kinga yake ni kikausha upepo, ambacho ndani yake mna chembechembe zinazonyonya unyevu. Matangi yakijaa, kwa kawaida yakikaribia psi 125 (paundi 125 kwa inchi ya mraba), kikausha hupumua kwa mshindo na kutema unyevu uliokusanyika. Dereva wa lori anaujua mlio huo. Upepo ukipungua hadi karibu psi 100, kompresa huanza kujaza tena. Washa injini, utazame geji, na uandike namba zote mbili kwenye daftari. Kama mshindo ule hausikiki kabisa, au unasikika kila baada ya nusu dakika wakati gari limesimama na hakuna anayekanyaga breki, basi ama kikausha kina hitilafu ama kuna mahali upepo unapotea.

Baada ya hapo, zima injini na ufungue vikoki vya kutolea maji kwenye kila tangi, ukianza na lile linalopokea upepo kutoka kwenye kikausha. Kikausha kizima huacha matangi yakiwa makavu au yenye unyevu kidogo tu. Ukipata maji ya kujaza kiganja, badilisha kichujio cha kikausha. Ukipata ute wa rangi ya maziwa au oili nyeusi, tatizo ni kompresa inayopitisha oili, na kubadilisha kichujio bila kuitengeneza ni kupoteza fedha, kwani oili ile itaziziba chembechembe mpya ndani ya muda mfupi. Hata kama hakuna dalili yoyote, kichujio kibadilishwe kila baada ya miaka 2 au 3, kwa sababu motahomu hukaa muda mrefu bila kutembea na unyevu haungoji kilomita.

Hatua ya pili: kutafuta panapovuja

Anza na kipimo kilekile cha mtihani wa CDL. Jaza matangi, weka kabari, zima injini, achia breki ya kuegesha, na utazame geji: upepo usipungue zaidi ya psi 2 kwa dakika. Kanyaga pedali ya breki na uishikilie. Baada ya mshuko wa mwanzo, usipungue zaidi ya psi 3 kwa dakika.

Gari likifaulu hapo usifikiri kazi imekwisha, kwa kuwa geji zile zinaonyesha matangi ya breki na hazionyeshi mifuko. Kipimo cha mifuko ni futi ya fundi seremala. Chagua alama isiyohama kwenye kila kona, kwa mfano ukingo wa juu wa tundu la tairi, pima hadi chini jioni baada ya kuzima injini, kisha pima tena baada ya saa 12. Magari haya si lazima yakae juu wiki nzima, na mshuko mdogo wa siku kadhaa si jambo la kuogofya. Lakini kona inayolala ndani ya usiku mmoja inavuja.

Namna gari linavyolala hukuonyesha pa kuanzia. Mbele ikishuka yote kwa pamoja, tafuta kwenye mstari wa mbele: vali yake, mifuko miwili na mabomba yake. Kona moja ya nyuma ikishuka peke yake, tafuta kwenye kona hiyo. Ukiona mbele kumeshuka zaidi upande mmoja, usiharakishe kunyoosha kidole kwenye mfuko wa mbele, kwa maana mifuko ya mbele inashirikiana upepo na mmoja ukivuja mwenzake naye hulegea. Tazama nyuma ya upande uleule. Gari moja nililowahi kulihudumia lilikuwa limeinama kushoto kwa mwaka mzima, na gereji moja ilikuwa imelibadilishia mifuko yote miwili ya mbele bila mafanikio. Mpira mdogo wa kichwa cha fimbo, kwenye vali ya nyuma ya kushoto, ulikuwa umepasuka na fimbo imelegea. Ubadilishaji wake ulichukua dakika kumi.

Ukishajua kona, changanya maji na sabuni ya vyombo isiyo na amonia, kwa sababu amonia hupasua viungio vya shaba taratibu, kisha nyunyiza kwenye kila kiungio, kwenye mashina ya mifuko, kwenye vali na kwenye matundu ya kutolea upepo. Mapovu yatakuonyesha. Tundu la vali ya urefu likitoa upepo kwa muda mfupi baada ya mtu kupanda au kushuka, hiyo ni kazi yake. Likitoa mfululizo huku fremu imetulia, vali imechoka. Usisahau vali za umeme zinazotoa upepo wakati wa kuegesha: uchafu kidogo tu ukikaa kwenye kiti cha vali moja, mfuko wake hautakaa usiku kucha, nao mfuko wenyewe ni mzima kabisa.

Bomba la nailoni lililovuja kwenye kiungio cha kusukumia mara nyingi huhitaji kukatwa tu. Toa upepo wote kwanza, kata ncha kwa kikata bomba ili iwe wima kabisa, kwani ncha ya mshazari haikai vizuri kwenye mpira, kisha sukuma mpaka mwisho na uvute kidogo kuhakikisha imeshika. Mabomba yawe ya nailoni iliyoidhinishwa kwa breki za upepo. Bomba la karakana la kujazia matairi si mbadala.

Hatua ya tatu: mifuko na shokapu

Osha mifuko kwa maji na sabuni, usitumie petroli wala grisi. Mikwaruzo midogo ya juu ya mpira uliozeeka ni ya kufuatiliwa, lakini ufa unaoonyesha nyuzi za ndani ni amri ya kubadilisha mfuko siku hiyo, na busara ni kubadilisha na mwenzake wa upande wa pili. Kagua kutu kwenye sahani ya juu na kwenye pistoni ya chini, hasa kama gari linapita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Toa mawe yaliyonasa, na hakikisha hakuna bomba wala waya unaousugua mfuko. Shokapu nazo zina kazi ambayo haionekani: katika magari mengi ndizo zinazouzuia mfuko usivutike kupita kiasi ekseli inaposhuka kwenye shimo, kwa hiyo shokapu iliyokatika huua mfuko mpya.

Hatua ya nne: urefu wa safari

Hii ndiyo hatua iliyopuuzwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kila chasisi ina urefu wake uliowekwa na mtengenezaji, unaopimwa kati ya nukta mbili zilizochorwa kwenye kitabu, na kosa linaloruhusiwa mara nyingi halizidi robo inchi. Gari likiwa chini mno, ekseli hugonga vizuizi vyake na safari huwa ya kutikisa meno. Likiwa juu mno, mifuko hukakamaa na shokapu hufika mwisho wake. Katika hali zote mbili pembe ya shafti inayotoka giaboksi kwenda difu huharibika na krosi zake huliwa kabla ya wakati, na mpangilio wa magurudumu ya mbele nao hubadilika, hivyo matairi ya bei kubwa huisha upande mmoja huku mwenyewe akilaumu aliyefanya alaimenti. Ndiyo maana urefu hupimwa kwanza, alaimenti baadaye.

Tafuta sakafu iliyo sawa. Jaza matairi kwa kiwango kinacholingana na uzito wa gari, jaza matangi ya maji na dizeli kama unavyosafiri, kisha sogea mbele mita kadhaa na usimame taratibu, usukani ukiwa umenyooka. Weka kabari, acha injini ikiunguruma au unganisha upepo wa karakana ili matangi yabaki juu ya psi 100, na usubiri dakika chache, kwa sababu baadhi ya vali huchelewa kwa makusudi ili zisihangaike na kila tuta la barabarani. Baada ya hapo simamisha stendi, ukiacha nafasi ndogo kati ya stendi na fremu, ndipo upime.

Anza na nyuma, pande zote mbili, kwa kuwa ukigusa kulia kushoto nako hubadilika. Legeza nati ya fimbo, uisogeze kidogo, kaza, subiri gari litulie, pima upya. Kila mara lishushe kidogo kisha uliache lipande lenyewe, ili vipimo vyote vichukuliwe likitoka chini, vinginevyo utapata namba mbili tofauti kwa fimbo ileile. Mkono wa vali ukiuinua au kuushusha, gari litapanda au kushuka hapohapo. Kichwa na mikono yako viwe nje ya nafasi kati ya fremu na ekseli. Nyuma ikikaa sawa, nenda mbele, kisha rudi nyuma kuhakikisha. Mara nyingi mzunguko wa pili hutosha. Andika vipimo na tarehe, na uvirudie kila mwaka na kila baada ya kubadilisha mfuko, vali au fimbo.

Hatua ya tano: jeki na oili yake

Kiwango cha oili hupimwa jeki zote zikiwa zimerudi ndani na vyumba vya kusukuma nje (vile vinavyotokeza ubavuni kupanua gari) vikiwa vimefungwa, kama vinatumia pampu hiyohiyo. Ukiongeza oili jeki zikiwa chini, tangi litafurika zitakaporudi. Tumia oili iliyotajwa kwenye kitabu. Mifumo mingi hutumia oili ya haidroliki au ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya aina ya Dexron, lakini oili ya breki isiingie humo kamwe, kwa maana huharibu sili zote.

Jeki inayorudi polepole huwa chafu kabla ya kuwa mbovu. Zishushe kwenye ardhi ngumu, futa vyuma kwa kitambaa safi, paka silikoni kavu, zirudishe na kuzishusha mara mbili tatu, ufute tena. Fanya hivyo kila baada ya safari yenye matope au chumvi. Kwa gari linalokaa mahali pamoja miezi mingi, fanya hivyo kila mwezi ili chuma kisipate vidonda vya kutu, kwani vidonda hivyo ndivyo vinavyokata sili.

Hatua ya sita: kuegesha na kuondoka

Kabla ya kubonyeza kitufe, tembea uizunguke nafasi yako. Ardhi laini huhitaji mbao pana au sahani ngumu za plastiki chini ya kila jeki, na hata lami ya Arizona wakati wa kiangazi hulainika na kuimeza jeki. Kama pana mteremko, elekeza pua ya gari upande wa chini, ili kona za kuinuliwa ziwe za mbele. Sababu ni nzito: breki ya kuegesha ya magari mengi ya aina hii hushika magurudumu ya nyuma tu, na ukiyainua hewani hakuna tena kinacholizuia gari lisiteleze na kuanguka kutoka kwenye jeki zake. Ikiwa gari halisawaziki bila kunyanyua matairi ya nyuma, hamia nafasi nyingine.

Ukisawazisha kwa mkono, inua jeki mbilimbili, mbele kwa pamoja au upande kwa pamoja, usiinue kona moja peke yake. Fremu ikipindwa, kioo cha mbele kinaweza kupasuka na milango ya mizigo ikakataa kufunga. Weka pima maji sakafuni na uilinganishe na taa za kompyuta. Zikipishana mara kwa mara, sensa inahitaji kuwekwa upya kwa utaratibu wa kitabu. Kwenye magari mengi vyumba vya kusukuma husukumwa nje baada ya kusawazisha, lakini fuata maelekezo ya gari lako. Kama friji yako ni ya gesi na amonia, usahihi huu si wa starehe tu: Norcold, kwa mfano, huruhusu friji kuinama nyuzi 3 kwa upande wake na nyuzi 6 kwa mbele na nyuma yake, na kuzidi hapo huizuia amonia isizunguke na kuunguza sehemu ya kuchemshia. Gari linalosawazishwa kwa upepo linahitaji ardhi nzuri zaidi, kwa kuwa mifuko hufikia mwisho wake mapema kuliko jeki, nalo huwasha kompresa yake ndogo usiku kurudisha kinachopotea.

Siku ya kuondoka, washa injini na ujaze matangi, rudisha vyumba, kisha rudisha jeki zote. Shuka uzione kwa macho, usitegemee taa peke yake, na uokote mbao zako. Usiliondoe gari likiwa bado limelala, kwa sababu mfuko uliokunjamana hujibana na kuchanika, na matairi husugua matundu yake unapokata kona. Subiri mpaka kona zote nne zifike kwenye alama ulizozipima jioni ile ya kwanza, ndipo uachie breki.